Neno la Siri la Sista Muthoki

Mwingi. Jumatatu, 13 Oktoba 1997

Evanson Gicheru, fundi wa kompyuta, amerudi Nairobi na basi la asubuhi, ameniachia mashine. Amesema niandike kila ninachoifanyia, ili ikiharibika tujue ni mkono wa nani ulioigusa mwisho. Sawa. Lakini mimi nikishika kalamu siwezi kuandika habari za chuma peke yake, kwa hivyo atakayesoma hapa atavumilia na watu.

Mimi ni Kalunde, Mama Ndululu, karani wa ofisi ya misaada ya kanisa hapa Mwingi, na kuanzia leo mlinzi wa kompyuta. Kompyuta ni moja, iko chumbani kwangu. Nyaya zimepita juu ya dari hadi kwenye skrini nne ambazo hazina akili zao zenyewe, zinaazima za hii. Moja iko kwa Mchungaji Jonah, mkubwa wetu. Ya pili iko kwa Sista Muthoki, nesi anayeshughulikia dawa za zahanati. Ya tatu iko stoo kwa Mutiso, mkuu wa malori. Ya nne iko kwenye korido, ya kila mtu. Jioni mashine hupiga simu yenyewe, ikapeleka barua zetu Nairobi na Kitui, ikaleta za wengine.

Inaendeshwa na kitu kinaitwa Linux. Haina picha wala kipanya. Unaandika amri, unabonyeza, na amri ikiwa sawa mara nyingi haikuambii kitu. Ikisema sana, ujue umekosea. Mchungaji hakufurahi aliposikia ni ya bure, kwamba Evanson aliinakili tu, na mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua aone ilivyoundwa.

"Mama Ndululu, kitu cha bure kina nini ndani?"

"Mchungaji, hata wokovu ni wa bure."

Alicheka mpaka akafuta macho.

Jumatano, 15 Oktoba

Joto. Mawingu yamekaa upande wa Nuu na hayasogei. Redio inasema mvua ya mwaka huu haijawahi kuonekana. Redio husema mengi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo kila mtu amejichagulia paswadi, neno lake la siri la kufungulia mashine. Niliwaelezea kwa Kiswahili na Kikamba: hili neno ni ufunguo wa sanduku lako, usilitamke, chukua lile ambalo watu hawalijui. Wakaitikia ndio, ndio, kama watoto wa Sunday school. Kisha Mutiso akakaa, akaandika kwa kidole kimoja huku akijisomea, "Em... bii... yuu..."

"Baba Mbula," nikamwambia, "hata kuku wa jirani wamesikia."

Akacheka, akanipa ndizi mbili. Mutiso ni mtu mwema, bila yeye hii ofisi ingekuwa kaburi.

Sista Muthoki alingoja wote watoke. "Geuka upande ule," akaniambia. Nikageuka. Aliandika haraka, akaondoka bila hata asante. Huyo mama ana kiburi, wacha niseme. Anaitwa Sista kwa sababu ni nesi, na pia kwa sababu hatuna lingine la kumwita. Hapa kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kabatini, anaitwa kwa kifungua mimba wake. Mimi sijaitwa Kalunde tangu Ndululu azaliwe, isipokuwa na mama yangu akiwa na hasira. Muthoki hakuzaa. Amebaki na jina lake.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua! Imeanza mchana kama mtu aliyepindua karai. Tumetoka kwenye veranda tukaimba.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kuna programu Evanson aliniachia ya kupima kama paswadi za watu zina nguvu. Unaipa maneno, nayo inayajaribu kwenye kila mlango. Maneno aliyoniachia yalikuwa ya Kizungu, majina ya mbwa na ya timu za mpira. Hayakufungua kitu. Nikajiuliza, mwizi wa Ukambani angejaribu nini? Nikaacha mlango wazi, nikasikiliza korido. Mama Syombua, kuna mgeni! Baba Mbula, lori limefika! Kila jina lililoitwa, nikaliandika.

Kabla chai haijachemka mashine ilikuwa imefungua milango yote, hata wa Mchungaji. Ulibaki mmoja, wa Muthoki.

Woi, kumbe watu wazima wote wamejifungia kwa jina ambalo wanaitwa nalo kutoka asubuhi hadi jioni! Ni kama kufunga duka halafu ufunguo unautundika kwenye kitasa. Nimempelekea Mchungaji ripoti: yeyote anayesimama kwenye korido anaweza kuingia kwa jina la mwenzake na kuandika barua kama yeye. Mwisho nikaandika kwamba ni Sista Muthoki pekee ambaye paswadi yake haivunjiki. Simpendi, lakini haki ni haki.

Mchungaji alisoma, akanirudishia, miwani yake ikiwa kwenye paji la uso. "Mama Ndululu, hapa ni nyumba ya Mungu, si benki. Sasa unataka nimkatae mtoto wangu?"

"Si kumkataa, Mchungaji. Ni kumwacha nyumbani."

"Wachana na mambo ya Nairobi."

Ningeweza kuwalazimisha. Kwenye mashine mimi ndiye root, mkubwa asiyeulizwa, amri moja tu na kila mtu angebadilisha. Lakini mashine ina root wake na ofisi ina Mchungaji. Nikarudi nikanywa chai yangu imepoa.

Jumatatu, 3 Novemba

Mzee Kivuva amekuja amelowa mpaka soksi. Ni mzee wa kanisa, na ni babake Mutiso, ambaye ndiye mtoto wake wa kiume wa pekee. Alikuja kuuliza habari kutoka hospitali. Mke wa Mutiso amejifungua msichana, wa nne.

"Mungu ni mwema," mzee akasema. Kisha akakaa kwenye benchi muda mrefu akiangalia mvua.

Mvulana wa kwanza wa Mutiso ndiye angepewa jina la mzee, ndivyo desturi ilivyo. Kila Jumapili anasimama kuomba ombi lile lile, Mungu amletee wajina wake kabla hajaenda. Watoto wanamwigiza nje ya kanisa. Leo sikuona cha kuchekesha. Nilimpa chai na mandazi, akaniombea baraka.

Jumanne, 11 Novemba

Mto Enziu umefunika daraja. Simu imekufa.

Jumatano, 12 Novemba

Simu bado. Mashine inajaribu kupiga, inashindwa, inajaribu tena. Ina subira kuliko mimi.

Jumanne, 18 Novemba

Simu imerudi na barua zote kwa pamoja. Ya zahanati ya Zombe nimeisoma mara mbili. Maji yametuama kila mahali, mbu ni wengi kama vumbi, watoto wamelazwa chini kwa malaria na dawa zimebaki za siku chache. Nilimpelekea Sista Muthoki mkononi badala ya kungoja aifungue mwenyewe.

Alisoma amesimama. Akakaa akaandika oda ya dawa itoke kwenye stoo yetu ya Kitui, akaisoma tena, akaipeleka. Saa ya chakula hakutoka. Nilimchukulia muthokoi, chakula chetu cha mahindi, kwenye sahani nikaweka mezani. Akaniuliza, "Umewahi kushika mtoto mwenye joto la malaria, Mama Ndululu?" Nikasema nimewahi, wangu. "Basi unajua," akasema. Hakugusa chakula.

Alhamisi, 27 Novemba

Kitui wamesema mto Thua uliofunga njia umeshuka. Lori la dawa litaondoka kwenda Zombe Jumatatu. Sista ametabasamu, mara ya kwanza kumwona. Ana pengo la meno ya mbele kama la wasichana wa zamani.

Jumatano, 3 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nimekuta barua ya Zombe iliyoingia jana jioni: lori halijafika, na wamezika mtoto. Mchungaji akapiga simu Kitui kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mwenye stoo ya Kitui akajibu, "Lakini si tulifanya mlivyoagiza?"

Waliagizwa. Ijumaa iliyopita walipokea barua kwenye mashine, kutoka kwa Sista Muthoki, kwamba Thua umejaa tena, dawa zisiende Zombe. Zipitie Machakos kwa lami hadi Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, apewe mtu fulani wa kuzihifadhi. Dereva alifika, akampata huyo mtu, akampa makatoni, akarudi. Leo mtu huyo hayuko na dawa haziko. Pale Kambu malori ya kwenda Mombasa husimama mchana kutwa, dawa ya malaria mwaka huu inauzika kuliko mkate.

Mchungaji alikuja chumbani kwangu na Mutiso na Sista Muthoki. "Mama Ndululu, tuonyeshe."

Niliandika amri ya kuonyesha nani aliingia lini na kutoka wapi. Mashine haina huruma wala chuki. Ijumaa, karibu saa tano asubuhi, muthoki, skrini ya korido. Barua ikawekwa dakika chache baadaye, ikangoja simu ya jioni.

"Mimi sikuiandika hiyo," Sista akasema.

"Ulikuwa ofisini Ijumaa?"

"Nilikuwa kwenye chumba changu nikihesabu vidonge."

"Kuna mtu unajua alikuwa na paswadi yako?"

Aliiangalia tena ile skrini. "Hakuna," akasema.

Mutiso akatikisa kichwa. "Haki, Sista," akasema pole pole, "watoto wanakufa."

Jumatatu, 8 Desemba

Kamati ya kanisa imekaa. Nimeitwa shahidi. Nilisema kile ninachojua: mtu mwenye skrini yake chumbani hatoki kwenda kuandika kwenye korido mbele za watu. Mzee Kivuva akauliza kama huo si ndio ujanja wenyewe. Nikasema paswadi za ofisi hii zinavunjika kwa kusikiliza tu.

Hapo Mchungaji akafungua faili akatoa ripoti yangu. Akaisoma kwa sauti. Akafika mwisho: ni Sista Muthoki pekee ambaye paswadi yake haivunjiki.

"Hii si uliandika wewe, Mama Ndululu?"

Ngai wangu. Nilimsifu na sifa yangu ndiyo imekuwa kamba ya kumfungia. Kama ni mlango wa mtu mwingine yeyote pale, wangesema huenda aliibiwa. Wake peke yake ndio hawawezi kusema hivyo, na ni mimi niliyewaambia.

Mzee Kivuva ndiye aliyemkalia vikali kuliko wote. "Mwanamke asiyejua uchungu wa kuzaa," akasema, "ni rahisi kwake kuuza dawa za watoto." Muthoki alimtazama tu. Sijawahi kuona mtu akimtazama mwingine vile, na sikuelewa.

Wamemsimamisha kazi na kumtenga kwenye meza ya Bwana. Kamati itakaa tena Januari baada ya uchaguzi. Asipoleta neno jipya atafutwa, jina lake lisomwe kanisani, na apelekwe polisi.

Jumatatu, 15 Desemba

Mvua. Paa la stoo linavuja.

Mutiso amekuja kukaa kwenye kiti changu cha wageni. Hakuwa na mzaha leo. "Mama Ndululu, nimekuwa nikimfikiria Sista. Huyo ni mtu mzima, polisi watamvunja. Si wewe ndiye mkubwa wa hii kitu? Futa ile line. Ushahidi ukipotea, aondoke tu kimya kimya kwao, yaishe."

Nilisema sifuti. Mlinzi anayefuta ni mwizi mwenye funguo.

"Roho yako ni ngumu," akasema, akaondoka. Nimebaki nikiona aibu, nikifikiri labda yeye ana huruma kunishinda.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mvua kwenye mabati, hakuna aliyesikia mahubiri. Muthoki alikaa benchi la nyuma peke yake, watu wameacha nafasi kama vile kuna kitu kimemwagika. Wakati wa meza ya Bwana alitoka nje akasimama chini ya ukingo wa paa. Sikwenda kumsalimia. Naandika nikiwa na hasira na hao wote, na kubwa zaidi ni na mimi.

Jumatatu, 29 Desemba

Tumepiga kura. Matope mpaka magotini, wino kwenye kidole.

Jumapili, 4 Januari 1998

Leo kanisani wamemwombea mtoto mchanga wa jirani yangu. Wamemwita Mwangangi, jina la babu yake aliyeketi pale pale akifuta pua. Nikajipiga paji la uso. Kwetu majina hayafi, yanazunguka. Mimi nilichukua tu yale yaliyokuwa yakiitwa kwenye korido. Sikuchukua ya wazee.

Najua ninachotafuta. Nataka nioneshe kamati kwamba hata mlango wa Muthoki unavunjika, basi.

Jumatatu, 5 Januari

Niliandika kila jina la kiume na la kike ninalolijua Ukambani, la hai na la marehemu, nikaipa mashine. Haikuchukua muda.

muthoki: kivuva

Nilicheka kwanza, Mungu anisamehe. Nikafikiri, kwani Sista anampenda yule mzee? Kisha kicheko kikaniishia. Watu wote wa ofisi hii wametumia jina la kifungua mimba wao. Kwa nini yeye awe tofauti?

Nilizima skrini nikakaa.

Jumanne, 6 Januari

Nimeenda kwake, chumba cha kukodi nyuma ya soko la mbuzi. Alikuwa anachagua maharagwe. Hakuniambia keti, nikaketi.

"Sista, nimevunja paswadi yako."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Nilikuwa nataka kukusaidia," nikasema. "Sasa sijui nimefanya nini. Sitaitamka kama hutaki."

Aliendelea kuchagua mpaka nikafikiri atanifukuza. Kisha akaanza kuongea akiyaangalia maharagwe, kwa Kikamba. Alikuwa msichana wa mafunzo ya unesi. Mutiso alikuwa kijana wa duka la baba yake hapa Mwingi. Alipomwambia ana mimba, Mutiso alienda Mombasa kutafuta kazi, asiandike tena. Muthoki akajifungulia kwa mama yake Migwani, mlango umefungwa. Mtoto wa msichana asiyeolewa huitwa jina la upande wa mama, kila mtu anajua. Yeye alikataa.

"Nilimpa la ukoo wa baba yake, kwa sababu nilidhani atakuja. Mama yangu aliniambia, unaiba jina. Nikatuma mtu Mombasa amwambie Mutiso, ni mvulana, anaitwa Kivuva. Jibu halikuja. Mtoto akashikwa na joto, mvua ilikuwa kama hii, hakukuwa na dawa. Hata meno hakuwa ameota."

"Nani mwingine anajua?"

"Mama yangu, na alishakufa. Yule niliyemtuma hakurudi tena huku. Na yeye." Akainua macho. "Ile siku ya mashine ulituambia tuchukue neno ambalo watu hawalijui. Nilikuwa na moja tu, Mama Ndululu. Nilifurahi kupata mahali pa kuliandika kila siku."

Nililia. Yeye hakulia. Nikamwuliza kwa nini hakusema mbele ya kamati siku ile, si alijua ni Mutiso tangu mwanzo?

"Nilijua kabla hujamaliza kusoma hiyo skrini. Ningesemaje? Nikisema ameijua, wataniuliza aliijuaje. Nitasimama mbele ya kanisa kutangaza nilizaa bila ndoa, mbele ya babu wa mtoto, yule anayelilia wajina kila Jumapili? Nilikuwa radhi niitwe mwizi kuliko kumwua yule mzee."

"Na watoto wa Zombe?"

Nilipotoka alikuwa bado ameshika ungo.

Jumatano, 7 Januari

Nimemwonyesha Mchungaji kwamba mlango wa Sista umevunjika. Sikumwambia neno lenyewe, na nikamwomba asiniulize. Akasema kuvunjika leo si kuvunjika Novemba. Ni kweli, na inaniuma kwamba ni kweli.

Mutiso amepita na ndizi. Nikamwambia tumbo linaniuma.

Jumatatu, 12 Januari

Wote walikuwepo. Mchungaji, Mzee Kivuva kwenye kiti cha kona, wazee wengine, Mutiso kama mkuu wa malori, mimi. Muthoki alivaa sare yake nyeupe, imepigwa pasi kama siku ya kwanza ya kazi.

Mchungaji aliomba, kisha akamwuliza kama ana neno la mwisho.

"Ninalo moja," akasema. "Ndilo paswadi yangu. Mliambiwa haivunjiki. Mama Ndululu ameivunja, na kabla yake kuna aliyeijua. Nataka niwaambie, ili mjue ni nani angeweza."

Nilimwangalia Mutiso. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ni Kivuva."

Mzee alishtuka. "Unanitaja mimi, Sista?"

"Si wewe, baba. Ni mtoto wangu. Nilimzaa Migwani kabla sijaolewa na yeyote, na wala sikuolewa. Alikufa kwa malaria akiwa mikononi mwangu. Nilimpa jina lako kwa sababu ni wa kwako."

Mvua ilikuwa imepungua, matone ya paa yakasikika. Mzee Kivuva ana mtoto wa kiume mmoja tu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Aligeuka pole pole, kiti kikalia.

"Mutiso."

"Baba."

"Ulikuwa na kijana?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Uliambiwa jina?"

"Niliambiwa."

"Na ukaingia kwenye mashine kwa hilo jina."

Mutiso alikuwa amekuwa mdogo, yule mtu wa vicheko. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake. "Nilijaribu tu, baba," akasema. "Nilijaribu mara moja. Ikafunguka."

Mzee akasema, si kwa hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira, "Ili uweze kulijaribu, lazima ulikuwa unalikumbuka. Miaka yote hii umelikumbuka. Na kila Jumapili unaketi kando yangu, unanisikia nikiliomba."

Mutiso akaweka uso mikononi. Hakukana tena kitu. Alimtaja mtu wa Kambu, na nyumba ambamo makatoni yaliyobaki yamefichwa. Mchungaji alitoka kwenda kupiga simu, akajikwaa mlangoni.

Mzee mmoja akakohoa akasema sasa kuna suala la Sista kuzaa nje ya ndoa, kanisa lina utaratibu wake. Mzee Kivuva akainuka na bakora yake. "Utaratibu mnautaka kwa nani? Mimi ndimi niliyesema huyu hajui uchungu wa kuzaa. Anzeni na mimi."

Akavuka chumba mpaka mbele ya Muthoki. Nilidhani atapiga magoti, na labda angepiga kama magoti yangekubali. "Amelala wapi?" akamwuliza.

"Kwa mama yangu, Migwani. Chini ya ukuta wa jikoni."

"Utanipeleka?"

"Nitakupeleka, baba."

"Asante, Mama Kivuva," akasema.

Ni hapo Muthoki alilia. Alilia akiwa amesimama wima, mikono imeshuka, na hakuna aliyejua la kufanya, mpaka nikaenda nikamshika.

Jumanne, 13 Januari

Polisi wamemchukua Mutiso. Mkewe alikuja na mtoto mgongoni kuuliza kama ni kweli. Nilimpa kiti na chai.

Ijumaa, 16 Januari

Makatoni yaliyopatikana Kambu yamefika Zombe. Si yote. Zahanati imeandika kwamba dawa zimepokelewa na wagonjwa wapya wametibiwa. Chini wameweka majina ya watoto waliozikwa tangu mwanzo wa Desemba. Mchungaji ameyasoma kwenye maombi ya asubuhi, kila moja. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Jumatatu, 19 Januari

Mchungaji mwenyewe amekuja kuniambia niwabadilishie watu wote paswadi, na programu ikatae jina lolote la mtu. Nimeandika amri. Wamelalamika kutwa nzima, wamesahau neno jipya kabla ya chai. Ni sawa, walalamike.

Jumamosi walienda Migwani, Sista na mzee. Nimesikia mzee alibeba jiwe kutoka boma lake, akaliweka pale ukutani kwa mikono yake, akakaa chini kwenye matope akazungumza na wajina wake mpaka jua likatoka.

Jumatatu, 26 Januari

Anga nyeupe, mahindi yameoza shambani, mbaazi zimepona.

Sista amerudi kazini leo. Nilikuwa sijamfungulia mlango wake kwenye mashine, niliuacha hadi awepo. Akaja akasimama nyuma yangu kama siku ile ya kwanza.

"Nibadilishie na mimi," akasema.

"Wewe nilikuwa nataka nikuulize kwanza. Kama unataka kulibakiza, mimi ndiye root. Naweza kukuruhusu wewe peke yako, hakuna atakayejua."

Alitikisa kichwa. "Haliwezi tena kuwa siri. Kuanzia getini mpaka hapa nimeitwa nalo na mlinzi, na mama wa chai, na dereva. Mtoto wa nani sijui akalipigia kelele dukani."

Nikaandika amri, nikampisha kiti. Niligeuka upande ule bila kuambiwa. Nilimsikia akifikiri, kisha akaanza kubonyeza herufi, pole pole, kama mtu anayechagua maharagwe.

Hapo Mchungaji akaita kutoka mwisho wa korido, "Mama Kivuva! Mama Kivuva, kuna mgonjwa!"

"Naja!" akaitika, kwa sauti ambayo sijui alikuwa ameihifadhi wapi, na akatoka mbio kabla hajamaliza kuandika.